Wimbo wa Kumsindikiza Seremala

Ndugu zangu, mfikirieni bwana mmoja, kiongozi wa bendi ya tarumbeta katika kijiji chenye vitongoji viwili, cha juu na cha chini. Bendi ilikuwa ya wote, makaburi ya wote, na palikuwa na wimbo mmoja wa kuandamana ambao hakuna mtu mzima aliyezikwa bila huo. Desturi yao ilikuwa kwamba kabla tarumbeta hazijalia, msemaji husimama mbele ya jeneza akatangaza wimbo ni wa nani, ili wenyewe washukuriwe. Miaka yote alisema ni wa wazee wetu, na mambo yakaishia hapo.

Basi akafa seremala, aliyewachongea majeneza watu wa pande zote. Mjane wake aliomba kitu kimoja tu, mumewe asindikizwe kwa wimbo ule. Nani angemnyima? Lakini walipofika njia panda, msemaji siku hiyo akatangaza kwamba wimbo ni wa kitongoji cha juu, maana babu zao waliutoa vitani walikokuwa wapagazi. Wa chini wakawaka. Vita gani? Wimbo huo babu zao walifundishwa katika shule ya misheni, wakiandamana nao Jumapili ya Matawi.

Wakamgeukia kiongozi wa bendi. Masikini, kichwa kilimzunguka. Alifundishwa na baba yake, na baba yake akiwa na furaha alisema wimbo umetoka vitani, akiwa na huzuni alisema umetoka misheni. Sasa aseme lipi? Wakamwamuru aupige palepale, amesimama, wausikilize. Akaupiga haraka, akasikia buti za askari. Akaupiga polepole, akasikia watoto wa shule. Kila aliporudia alizidi kuchanganyikiwa, hata akaanza kushuku kama huo ndio wimbo wenyewe. Jamani, wimbo wa kutembea, watu wameusimamisha barabarani wanauhoji kama mwizi.

Mabishano yakapamba moto. Mwishowe wakakubaliana utangazwe kuwa wa pande zote mbili, wakapeana mikono kwa furaha. Kiongozi akashusha pumzi, akageuka aongoze jeneza.

Jeneza halikuwepo. Wabebaji walikuwa wamechoka kusimama, jua linakuchwa, wakaondoka nalo kimya kimya bila mtu kuona.

Akakimbia hadi makaburini. Akamkuta mjane na majirani wachache, wanashindilia udongo kwa migongo ya majembe. Aibu ikamshika.

"Mama," akasema, "tumeshapatana. Tuko tayari kupiga."

Mjane akamtazama, wala hakuwa na hasira. "Mtampigia nani sasa, baba? Mwenzenu ameshafika."

Mnacheka? Tusicheke sana. Sisi hapa tumebishana tangu mavuno kwamba mkesha wetu ulianzishwa na kina nani, kwaya ya wazee au umoja wa akina mama. Mimi pia nimebishana, na nilikuwa na hoja nzuri. Je, yule mama aliyekuwa akikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, nani anajua amelala hospitali gani? Nani alimwona akiondoka?

Mungu hakutupa nyimbo ili tubishane ni za nani. Alitupa watu wa kusindikiza. Leo tukitoka hapa, tusisimame uani kuzungumza. Tuulizie alikolazwa, twendeni kwake, tumkute angali njiani.