Daftari Jeusi la Mwalimu Kiondo

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, maana mwishoni nitawataka neno.

Mwalimu Kiondo, mkemia wa chuo kimoja cha bara, alitumia miaka ishirini kutafuta jambo moja: kuiona kabokatayoni inapoamshwa kwa mwanga. Hiyo ni molekuli ya kaboni iliyopungukiwa elektroni, na ikishaamshwa hufifia kabla hujamaliza kupepesa jicho. Kila alichojaribu alikiandika katika daftari moja jeusi. Alipolazwa na maradhi ya ini, alimwambia mkewe, Mama Zaituni, "Daftari apewe atakayeniletea habari kwamba imeonekana."

Alikuwa na wanafunzi watatu.

Sikudhani alijaliwa mikono ya kukausha. Chembe ya maji huiua kabokatayoni upesi, kwa hiyo alikiondolea unyevu kimiminika cha kuiyeyushia kwa siku kumi na tisa.

"Dada, utakausha mpaka mate yetu," Mashimba alimtania.

"Yako yangefaa, yamezidi."

Mashimba alijaliwa jicho la leza, ile mashine ya mwanga mkali mwembamba. Alisogeza vioo kwa upana wa unywele, mpaka mpigo wa kwanza wa mwanga ukaizaa molekuli, na wa pili ukaiamsha ingali hai.

Pendaeli alijaliwa subira ya kusoma. Jumatatu, katikati ya mistari iliyotetemeka kwenye skrini, alikitambua kilima kidogo ambacho wengine wangekiita takataka.

"Ndiyo yenyewe! Mpigie Mwalimu!" Mashimba alisema.

"Bado," Pendaeli alikataa. "Nani alitufundisha kwamba jambo halijaonekana mpaka lionekane mara tatu?"

"Akituuliza mara ngapi, tutajibu nini?" Sikudhani aliunga mkono.

Mashimba alirudi kwenye vioo vyake.

Jumatano kilima kilitokea tena. Alhamisi, saa nne asubuhi, kikatokea mara ya tatu. Wote watatu walikwenda hospitali na mchoro wao. Walikuta kitanda kimetandikwa shuka safi.

Siku ya arobaini ya msiba, baada ya dua, Mama Zaituni aliwaita ndani. Aliliweka daftari mkekani.

"Kurasa za nyuma ziko tupu," alisema. "Sitaki life kabatini. Lakini habari haikumfikia, wanangu. Nimpe nani?"

"Bila mikono yangu pasingekuwa na cha kuonekana, Mama," Sikudhani alisema.

"Bila leza yangu ingebaki gizani. Tena mimi ndiye niliyetaka apigiwe."

"Simu ilikuwa mfukoni mwako, Mashimba," Sikudhani alisema.



Pendaeli alisema polepole, "Kilima nilikitambua mimi, na habari nikamnyima mimi. Lakini nilishika neno lake. Ningelivunja, angeniita mwanafunzi wake?"

Mama Zaituni alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Angekugombeza kwa haraka yako, na angelia kwa furaha. Nimeishi naye miaka yote hiyo, na sijui kipi kingetangulia."

Hakuna aliyenyoosha mkono kulichukua. Wala hakuna aliyeinuka kwenda zake.

Basi, ndugu zangu, mimi nimelitazama jambo hili kila upande, na kila upande nimemhurumia mtu. Ondoa mikono, ondoa jicho, ondoa subira: ukiondoa kimoja tu, hakuna kilichoonekana. Na wote watatu walichelewa pamoja. Mjane anangoja jibu. Wewe ungekuwa umeketi mahali pake, ungemkabidhi nani?