Kiboko Adai Posho, Friji Ladai Gesi

Hapo zamani za kale, wanangu, zama ambazo hata mbu alipanga foleni apimwe malaria, wanyama wa Bondeni walikuwa na zahanati yao. Mganga mfawidhi alikuwa Bi Nguchiro, mdogo wa umbo, asiyefika hata gotini mwa wagonjwa wake.

Siku hiyo serikali ya Simba ilileta fedha za kuendeshea zahanati. Bi Nguchiro alicheka peke yake kwa furaha. Mtungi wa gesi wa friji la chanjo ulikuwa unakata roho, na kesho yake ilikuwa kliniki ya watoto. Chanjo ikipata joto, imeharibika. Na wanawe mwenyewe, pacha, walikuwa miongoni mwa watoto hao.

Kumbe harufu ya fedha ilishafika mtoni. Puu, puu, puu! Kiboko, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, akaingia na mjumbe wake Nyati. Wakakalia viti, vikalia kwaa! Wakatangaza kuwa kikao kimefunguliwa. Ajenda ilikuwa moja tu: posho ya kikao. Baadaye wangekaa kikao kingine, chenye posho yake, kujadili kwa nini fedha zimekwisha.

Bi Nguchiro aliogopa, tena sana. Kiboko akikukalia, hakuna haja ya jeneza. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni nani hata nikukatalie? Ila Simba ameamuru fedha hizi ziwafae wagonjwa tu. Mzima akizila, Simba mwenyewe atakuja kumuuliza."

Wakubwa wakatazamana. Papo hapo Kiboko akajishika tumbo, akaguna, "Mganga, naumwa." Nyati naye akaanguka pu, akidai anaumwa kichwa, mgongo, meno na mkia.

"Poleni jamani," akasema Bi Nguchiro. "Basi mtahudumiwa."

Akawalaza. Vitanda vikavunjika, wakalala sakafuni. Akawanywesha mwarobaini ndoo kwa ndoo, wakatapika, akawaongeza. Walipoomba chai, akawaambia wagonjwa wa tumbo hunywa uji usio na sukari. Wakati wanakunja nyuso, fedha zilishakwenda dukani, mtungi ukaja, na friji likaanza kunguruma ngrrr.

Hapo ndipo Bi Nguchiro alipotoa sindano ya kutoboa ngozi ya kiboko. Ilikuwa nene kama mchi.

"Nimepona!" akaruka Kiboko. Nyati alikuwa ameshatokea dirishani, na dirisha lake shingoni.

Kiboko alipofika mlangoni akakumbuka. "Na posho yangu, mganga?"

"Posho ya nini, mheshimiwa? Si umepona? Kama bado unaumwa, geuka tu, sindano iko tayari."

Chubwi! Mto ukafurika.

Kesho yake watoto wote wakachanjwa, na waliolia kuliko wote walikuwa pacha wa Bi Nguchiro.

Nami naishia hapa mlangoni pa zahanati, wanangu: atakaye kula fungu la wagonjwa, na aanze na dawa yao.