Gari la Viti Viwili la Mzee Sempombe

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye usingizi akalale sasa, maana nikishaanza sitamwamsha mtu. Hadithi yangu haina sungura wala jini. Ina gari, ina kaburi, na ina ndugu watatu wa tumbo moja ambao mpaka leo hawasalimiani. Mwisho wake sinao. Huo nitawaachia ninyi.

Huko Same, chini ya milima ya Upare, alikuwako mzee aliyeitwa Sempombe. Watoto wake walikuwa watatu na kila mmoja alizaliwa na chake.

Namkunda, binti wa kwanza, alikuwa na sikio. Aliolewa Mwanga na fundi wa magari, akakaa miaka mingi akiuza spea mlangoni mwa gereji ya mumewe, hata ikawa gari likipita barabarani yeye anajua linaumwa nini kabla mwenyewe hajajua. Ndoa ilipomshinda alirudi kwa baba yake na mabinti wawili na sanduku moja. Sikio hakunyang'anywa.

Mbazi, wa pili, alikuwa na mkono. Mpe chuma kilichopinda, atakurudishia kilichonyooka. Mpe kilichonyooka, atakupindia utakavyo. Alikuwa fundi bodi, na nusu ya malori yaliyopita Same yalikuwa na kiraka chake.

Kiondo, kitinda mimba, alikuwa na mguu. Aliendesha malori ya mbao milimani, njia ambazo abiria hushuka wakatembea kwa hofu, na mguu wake ulikanyaga mafuta kwa upole kama wa mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Sasa gari. Mzee Sempombe alipokuwa karani bandarini Tanga, macho yake yaliangukia gari dogo jekundu lililoshushwa kutoka Japani, gari la michezo, fupi, limelala chini kama mjusi. Akalinunua na kuja nalo Same. Ukifungua boneti ya mbele hukuti injini, unakuta shimo la kuwekea mizigo. Injini yenyewe iko katikati, nyuma ya viti, karibu imwegemee dereva mgongoni. Na viti ni viwili. Hakuna cha tatu, hata ukiomba dua.

Siku lilipoingia uani, mkewe, Mama Naetwe kwa jina lake mwenyewe, aliuliza swali moja tu: "Baba Namkunda, sisi tuko watano. Wengine tutakaa wapi?" Hakujibiwa, wala hakuuliza tena. Wakaishi na gari hilo kama mwanamke anavyoishi na mke mwenza. Kila tuta la barabarani lililikwaruza tumbo. Kila kiangazi lilichemsha. Jumapili mzee alikwenda kanisani na gari, kofia yake ikiwa imekaa kiti cha pili, na mkewe na watoto walifika baadaye na vumbi la miguu. Namkunda aliyakumbuka hayo yote, na aliyakumbuka kwa uchungu.

Kisha Mama Naetwe akaugua ghafla. Majirani walisema apandishwe basi apelekwe hospitali Moshi, na basi lilikuwa limesimama pale pale likiita abiria. Mzee akakataa. Alisema gari lake lingelipita basi lile kabla halijafika Mwanga. Akamkalisha mkewe kiti cha pili, amenyooka wima na maumivu yake, kwa sababu nyuma ya kiti kuna ukuta na nyuma ya ukuta kuna injini, kiti hakilali. Watoto wakabaki uani. Katikati ya nyika, jua la mchana, gari likachemsha. Mzee akajaza maji, akaondoka, likachemsha tena. Akajaza tena. Lile basi likawapita. Mama Naetwe akafia pale barabarani, ameketi, hana mtoto wa kumshika mkono.

Akazikwa Vudee, juu milimani, kwenye nyumba ya ukoo yenye migomba na kahawa. Gari likafunikwa turubai. Mchuma janga hula na wa kwao, na watoto wale walikula janga la baba yao miaka mingi bila kulitaja.

Mzee alipozeeka, figo zikamchoka na macho yakaingia ukungu. Akawaita watoto wake akawaambia anataka kwenda kumwomba mama yao radhi kaburini, na hataki kwenda kwa gari jingine. Walimbembeleza. Kiondo alisema angeazima gari la maana, lenye nafasi ya godoro. Mzee akatikisa kichwa.

"Gari lililomuua ndilo litakalonipeleka mbele yake," alisema. "Atakayenifikisha, nyumba ya Vudee ni yake."

Hapo kila mmoja akawa na lake moyoni. Mbazi alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza, akahesabu nyumba ni yake tangu zamani. Kiondo alikuwa kitinda mimba, na kwao kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya mama. Namkunda hakuwa na desturi yoyote ya kumtetea. Alikuwa mwanamke aliyerudi nyumbani, anayelala chumba kimoja na mabinti zake kwa hisani ya baba, na baba akifa hisani inakufa naye. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mlango ulifunguliwa ambao haukuuliza kama yeye ni mwana wa kiume. Aliitaka nyumba ile. Aliitaka mpaka akaona aibu.

Wakalifunua gari, na kazi ikaanza.

Namkunda aliliwasha akainama, sikio karibu na sakafu. Katika gari hilo rejeta, ile ya kupoozea maji, iko mbele na injini iko nyuma, hivyo maji husafiri kwa mabomba marefu yapitayo chini ya viti. Akasikia humo kitu kikibwabwaja, kama mtu anayesukutua mdomo. Ilikuwa hewa. Mafundi wote wa Same, na baba yake pia, walilijaza maji kama walivyojaza magari mengine: unamimina mbele, unafunika, unaondoka. Lakini hili ukilijaza hivyo, hewa hubaki imejikunyata katikati ya njia, na maji hayaifikii injini. Akamwambia Mbazi ainue pua ya gari kwa mawe, akafungua parafujo ndogo ya bomba la juu, injini ikinguruma, na hewa ikatoka ikitema na kukohoa muda mrefu, mpaka yakaja maji matupu. Injini ikatulia. Mbazi akapiga makofi. Namkunda akakaa chini kwenye vumbi, kwa sababu alikuwa ameelewa. Mama yao alikufa kwa pumzi ya hewa iliyonasa kwenye bomba. Kila baba yake alipojaza maji kule nyikani, aliifungia humo tena. Aliinuka, akafuta mikono, na hakumwambia mtu.

Mbazi naye alilichukua gari kama mshonaji anavyochukua kanzu isiyomtosha mwenyewe. Akang'oa springi, akaweka za gari la mizigo lililopinduka, tumbo likapanda juu. Akalichomelea bamba la chuma chini ya sampo, bakuli la oili la injini. Akatoboa matundu kwenye kifuniko cha injini ili joto lipate pa kutokea. Kisha akafika kwenye kiti. Kiti hakiwezi kulala nyuma, basi yeye akakishusha mpaka sakafuni, akakata dashibodi upande wa abiria ili miguu ya mgonjwa inyooke mbele, akakitandika sponji. Alipokuwa akikata dashibodi alilia, na aliposemeshwa alisema ni cheche za grainda.

Kiondo alilichukua gari lile barabara ya vumbi akaenda kulijifunza, kwa sababu haliendeshwi kama lori. Uzito wote uko nyuma ya mgongo wako. Ukiingia kona, ukashtuka, ukauondoa mguu ghafla kwenye mafuta, makalio ya gari hutaka kutangulia mbele. Lilimzungusha mara nyingi, akarudi na miiba ya migunga mlangoni. Alijifunza kutoshtuka. Alirudia mpaka mguu wake ukajua peke yake.

Siku ikafika. Kiondo usukanini, mzee kiti cha pili, miguu imenyooka pale palipokuwa dashibodi. Namkunda na Mbazi wakafuata kwa pikipiki ya jirani, nyuma, kama ilivyokuwa siku zote za gari lile.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Kwenye mpando wa kwanza, mrefu, ambao hata malori hupumzika, mshale wa joto ulipanda, ukafika katikati, ukasimama hapo hapo. Maji yalikuwa yanapita. Kwenye kijito, jiwe lililofichwa na tope likaligonga gari tumboni kwa kishindo walichokisikia hata wa pikipiki, na bamba la Mbazi likabonyea bila kupasuka. Kwenye kona ya juu, yenye korongo upande mmoja, gari likaanza kuteleza na makalio yakaelekea bondeni. Mtu mwingine yeyote angeondoa mguu. Kiondo hakuuondoa. Gari likajinyoosha, likapita.

Wangelikuwa wawili badala ya watatu, mzee asingelifika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa hata viwili visingelitosha. Nalisema hili wazi ili baadaye msinirudishe nyuma.

Walimshusha wakampeleka mpaka kaburini. Alipiga magoti, akashika msalaba, akazungumza na mkewe kwa Kipare, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyesogea kusikiliza. Alipomaliza akageuza uso kwao, na macho yake hayakuwaona.

"Nani amenifikisha?" aliuliza.

"Mimi, baba," wakajibu.

Watatu. Kwa pamoja. Hakuna aliyemtangulia mwenzake hata kwa nusu ya neno, na hakuna aliyesema sisi.

Mzee akauachia msalaba. Kisha akasema, "Basi mama yenu hajanisamehe." Hakuongeza lingine. Akaingizwa ndani akalazwa, na nyumba hiyo hakutoka tena ila kwa jeneza.

Watani zetu hutusema kwamba Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya mbuzi. Semeni tu, hatukatai. Matanga hayajaanuliwa, kesi ikakaa mbele ya baba yao mdogo, Mzee Kiangi, na wakubwa wa ukoo.

Kiondo alisema kufikisha ni kuendesha, na aliyeendesha anajulikana. Angelishtuka pale kwenye kona, leo wangekuwa wanagombea makaburi mawili, si nyumba. Mbazi alisema mzee hakupanda mguu wa mtu, alipanda kiti, na kiti ni cha nani? Hata gari lenyewe, toka springi mpaka kifuniko, halikuwa tena la Japani, lilikuwa lake. Namkunda akasema bila maji kupita, mguu na mkono vingesimama mpando wa kwanza.

Mbazi akacheka. "Dada, wewe ulijaza maji. Kujaza maji hata mtoto anaweza."

Namkunda alikuwa amevumilia siku ile mpaka hapo. "Baba hakuweza," alisema. "Mama alikufa kwa maji yaliyojazwa vibaya. Hewa ilikuwa ndani ya bomba, na aliyeifungia ni baba, kwa mkono wake, mara baada ya mara. Nilijua tangu siku ile nilipoitoa. Nikanyamaza ili aende kuomba radhi bila kujua ukubwa wa anachokiombea."

Kisha Mbazi akasimama, akasema mtoto anayemvunjia heshima marehemu matanga hayajaisha hastahili hata kulala katika nyumba hiyo, seuze kuirithi. Kiondo akamgeukia dada yake, akamuuliza kwa nini hakulisema baba akiwa hai. Yeye, Kiondo, alisema angelipenda baba ajue. Alisema angelipenda sana. Namkunda aliwatazama, akawaza kwamba alikuwa amewabebea ndugu zake mzigo huu peke yake, nao sasa wanamhukumu kwa kuubeba na tena kwa kuutua.

Mzee Kiangi akaahirisha kesi. Ameiahirisha hata sasa. Mbazi alikwenda na bisibisi akang'oa kiti chake. Kiondo ana ufunguo wa gari, hautoki mfukoni mwake. Namkunda alifungua parafujo yake, maji yakamwagika yote uani, akarudi Same kupanga chumba na mabinti zake. Nyumba ya Vudee ina kufuli la ukoo, kahawa inaivia mtini na kuanguka, na kando ya kaburi la Mama Naetwe sasa liko la pili, yote mawili yameota majani.

Msiniambie wagawane, nyumba ni ya vyumba viwili na wao wameapa hawatakaa pamoja. Msiniambie iuzwe, ina makaburi. Mzee alisema ni ya atakayemfikisha, na neno la marehemu halipunguzwi wala haliongezwi.

Haya, wewe uliyekaa hapo ukitikisa kichwa muda wote: ni sikio, ni mkono, au ni mguu? Na yule aliyeijua kweli akaificha, kisha akaisema, anapunguziwa haki au anaongezewa? Wewe ungeamua vipi? Jibu kabla hujainuka, na umtazame ndugu yako aliyeketi kando yako unapojibu.