Kioo Kinachopiga Chafya

Wajukuu zangu, mmemsikia shangazi yenu akisema, "Ajabu ya kuazima haikai nyumbani," nanyi mkacheka. Je, mnajua ni nyumba gani iliyobaki tupu hata watu wakasema hivyo? Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika ukoo mmoja wa huko Urambo, siku ya kuondoa matanga mtoto mkubwa wa marehemu hutoa hadithi. Ndani yake hutaja kitu kimoja cha marehemu na kukipa uwezo wa ajabu: jembe linalolima peke yake, kibuyu kisichoisha maji. Kilichotajwa hubaki kwa mjane. Vingine vyote ndugu hugawana, na mjane mwenyewe haruhusiwi kusema neno.

Alipofariki Mzee Kasanda, zamu ilimwangukia bintiye, Kalunde. Alivitazama vitu vya baba yake akaona aibu: koti lenye viraka, redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, kigoda kilichopasuka kikashonwa kwa waya. Na wakwe zake walikuwa wanakuja kutoka mjini. Akachukua simu, akaiomba ile akili mnemba imbunie vifaa vya hadithi, vya kuchekesha, ambavyo hakuna aliyewahi kuvisikia. Ile akili ikamuuliza kwanza kama marehemu aliacha kitu alichokipenda, ili waanzie hapo. Kalunde akaandika kwamba hakuna.

Basi ikamletea vingi. Kioo kinachopiga chafya kikitazamwa na mwongo. Ndala zinazomgombeza mvaaji akichelewa kurudi. Sufuria inayoficha minofu mgeni mlafi akipiga hodi. Alivipenda, akavikariri, na siku ilipofika akavisimulia vizuri mno. Wakwe walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama yake, Bi Nyanzala, aliketi mkekani ameinamisha uso, akingoja kitu kimoja tu cha mumewe kitajwe. Hadithi ikaisha.

Mtani wa ukoo akasimama kugawa.

"Haya," akasema, "mjane aachiwe kioo kinachopiga chafya. Kiko wapi, shemeji, nikufungie kwenye kanga?"

Watu wakacheka tena. Hapo ndipo Kalunde alipoona alichokifanya. Akaomba arudie hadithi, aongeze neno moja tu. Baba yake mdogo akamwambia kwa upole kwamba hadithi ya matanga haitiwi kiraka. Vitu vikatoka mlangoni kimoja kimoja: koti, redio, mpaka kijiko cha uji. Kigoda alikichukua binamu mmoja, akakifunga nyuma ya pikipiki pamoja na kuku wake.

Wageni walipoondoka, Kalunde alimkuta mama yake jikoni, amekaa chini kwenye vumbi, ungo mapajani, anapepeta mchele. Akapiga magoti, akamwomba radhi. Akamuuliza angetaka kubakiwa na kipi.

Bi Nyanzala aliendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha.

"Kila nilipopika, baba yako alikaa hapo karibu na mafiga," akasema. "Akinitania kwamba chumvi imezidi, hata kabla sijaitia. Hadithi yako ilikuwa nzuri, hata mimi nilikaribia kucheka. Lakini ajabu ya kuazima haikai nyumbani, mwanangu. Mimi nilitaka kigoda."