Starehe ya Punda

Paukwa!

Pakawa!

Mbona pakawa yenyewe imelegea hivyo? Mmechoka. Basi hata mimi nimechoka, na huyu ninayemsimulia alichoka kutushinda sote.

Hapo zamani za kale, Punda alibeba udongo wa kujengea boma la Mfalme Ndovu. Ko-ko-ko, ko-ko-ko, tangu jua linapochomoza hadi linapoanza kuinama. Ujira wake pumba. Akitoka hapo hakai. Anateremka mtoni, anachota maji, anapanda nayo kilima hadi kwa mama yake mzazi, aliyepooza miguu ya nyuma. Bila Punda, bibi yule hanywi.

Ndovu alitaka boma liishe upesi. Akamwita Korongo, mtaalamu wa mambo ya kazi, bingwa wa kuchora mchangani. Korongo akaja kwa maringo, akamsimamisha Punda njiani na mzigo wake mgongoni.

"Shikamoo, mtaalamu."

"Marahaba. Nijibu upesi. Ukitoka kazini, huko nyumbani kuna starehe?"

Maskini Punda! Neno hilo alilijua kwa namna moja tu. Kila akiingia ndani, mama yake hujikaza ainuke ampokee mzigo, naye humwahi: "Starehe, mama, starehe." Yaani kaa, usijisumbue.

"Starehe ipo," akajibu. "Kila siku, nikiingia tu."

Korongo akachora mstari, chwaa! Upande huu kazi. Upande ule starehe. Upande mwingine hakuna.

"Mfalme, huyu ana starehe tele," akasema. "Mwongeze pumba, atakuuzia starehe yake. Atabeba hadi jua lizame."

Pumba zikaongezwa. Punda akaona haya kukataa, na njaa nayo ilikuwapo. Akabeba. Ko... ko... ko. Jua likazama.

Alipofika nyumbani, kimya. Akaita, "Mama!" Kimya. Akashuka mbio mtoni. Akamkuta mama yake amejiburuta hadi ukingoni, amenasa, tope limemfika shingoni.

"Nilikungoja, mwanangu," mama akasema. "Kiu ikanishinda."

Punda akavuta, akavuta, akavuta, chwapu! Akamtoa. Kisha akalia, jamani.

Kesho yake, jua lilipoanza kuinama, akautua mzigo mbele ya Ndovu.

"Mfalme, pumba za nyongeza sizitaki. Nitabeba kama zamani."

"Nikikuongeza nyingine?"

"Mama yangu hanywi pumba."

Ndovu akamgeukia Korongo. "Anasema nini huyu?"

Korongo akachora, akafuta, akachora tena. "Anasema ameshiba, Mfalme. Hawa ukiwazidishia pumba, wanazidi kupenda starehe. Ndivyo walivyo."

Punda akafungua mdomo aeleze. Akalitazama jua. Maelezo yale yangekula muda wote wa maji. Akafumba mdomo, akashika njia ya mtoni.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni: saa asizolipwa mtu si saa asizofanya kazi. Kabla hujamwita mwenzako mpenda starehe, mfuate hadi kwake uone anachokifanya huko.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye vyombo vya kuosha, akaoshe.