Kiboko Alipofanya Kazi ya Nyuki

Hadithi hii nilisimuliwa kwanza na wifi yangu Minza, mke wa mrina asali kule Sikonge, tukiwa tunapalilia matango. Sogeeni wanangu, niwape kama alivyonipa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kununiana kama majirani, Kiboko alikuwa na shamba kubwa la matikiti. Jirani yake Nguchiro, mama mwembamba mwenye watoto wengi, alikuwa na kishamba cha maboga. Maboga hayo ndiyo yaliyowalisha watoto wake mpaka mvua nyingine.

Kila asubuhi, maua yakishafunguka na nyuki wamejaa, Kiboko alipita na bomba la dawa mgongoni. Pss! Pss! Alisema anaua wadudu waharibifu, lakini nyuki nao walianguka, pu, pu, pu.

Huko msituni Fisi alikuwa akirina asali. Warina wengine hufukiza moshi, na masega yenye watoto huwaachia nyuki. Fisi alichoma mzinga pamoja na mti wake, kisha akalamba mpaka majivu.

Nyuki wakapungua, wakapungua. Siku moja Malkia wa kundi la mwisho akatua mlangoni kwa Nguchiro.

"Mama watoto, tunahama. Nimekuja kuaga."

"Mhame? Na maboga yangu yatazaa na nani?"

"Zaa nayo wewe! Mimi nimezika mabinti wa kutosha."

Nguchiro akawatazama wanawe waliokuwa wakigombania ukoko. "Dada, ingieni kwenye chungu changu kikuukuu, malisho mjitafutie ng'ambo ya mto. Nipe nafasi niwafunze adabu wale wawili. Nikishindwa, nendeni."

Basi shamba la Kiboko likachanua, njano tupu. Vitikiti vikatoka vidogo kama gololi, vikanyauka, vikadondoka.

"Nani kaniroga?" Kiboko akanguruma.

"Hujarogwa, mzee," akasema Nguchiro. "Nyuki ndio waliokuwa wakipeleka vumbi la ua dume kwa ua jike. Sasa hawapo."

"Ni Fisi na moto wake!"

"Mimi?" Fisi, aliyekuwa akipita njiani na kibuyu kitupu cha asali, akaruka. "Ni dawa yako, inayonuka!"

"Nani wa kusema habari ya kunuka? Wewe?"

"Wazee wangu, msigombane," Nguchiro akasema. "Kazi ya nyuki ni nyepesi. Kadudu kama kale kanaiweza, itawashinda nyinyi wenye miili?"

"Itushinde sisi!" Kiboko akavimba.

"Na asali je?" Fisi akauliza.

"Afanyaye kazi ya nyuki ndiye mwenye asali." Fisi akadondosha mate. "Ila maua yana haya. Hayampokei asiyevaa kama nyuki."

Akawapaka manjano na masizi, mistari mistari, tumboni na makalioni. Akampa kila mmoja unyoya wa kuku.

"Gusa ua hili, kisha lile. Na mvume! Usipovuma, ua halikuitikii."

"Vuum," akasema Kiboko kwa aibu.

"Mbona kama mgonjwa? Na makalio yatikisike!"

"VUUUUM!"

Wakatambaa. Kiboko kila alipogeuka alikalia mche: bwaa! Fisi kila alipoinamia ua alipiga chafya: chaa! Jua likapanda. Wake wawili wa Kiboko wakapita na ndoo za maji, wakamwona.

"We mke mwenzangu, huyo mume wa nani?"

"Wako. Wangu hana mistari."

Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika.

Adhuhuri maua yakafunga. Tuta moja halijaisha.

"Kesho tena," akasema Nguchiro. "Yanafunguka mapya kila asubuhi."

"Kesho!" Fisi akalia. "Mgongo wangu! Na asali yangu iko wapi?"

"Tema utamu uliokusanya, kisha uupepee kwa mabawa."

"Sina mabawa!"

"Ala! Kumbe nyuki kakuzidi."

Kiboko akajitupa chini, akaua miche mingine. "Nguchiro mwanangu, niletee nyuki. Utakalo nitafanya."

"Dawa upulize jioni, maua yamefunga na nyuki wamerudi kwao. Na wewe Fisi, moshi, si moto. Masega ya watoto uwaachie wenyewe."

"Tunaapa!"

"Apeni kwa kuvuma."

"Vuuuum!"

Nguchiro akaenda akagonga chungu, ngo ngo ngo. Malkia akatoka, akawatazama wale wawili juu mpaka chini. "Hawa ndio mabinti zangu wapya? Mbona wamenenepa hivi?"

Nyuki wakabaki. Matikiti yakashika, maboga yakajaa, na watoto wa Nguchiro wakala wakashiba mpaka wakashindwa kupita mlangoni.

Usidharau kazi ya mdogo kabla hujaifanya wewe.

Nami, asubuhi iliyofuata baada ya kuisikia, nilimwona baba yenu akitafuta bomba la dawa, na matango yamechanua. Sikujua nianzeje kumwambia. Nikalikalia lile bomba, nikamenyea viazi juu yake, nikanyonyeshea juu yake, mpaka jioni.