Mama Aliyekataa Kukata Karatasi

Wapendwa, kabla sijafunga hiki kitabu naomba niwapeleke kwenye chumba kimoja chenye cherehani. Hatutakaa sana, msiangalie saa.

Kulikuwa na mama mmoja mshonaji, na mama huyu alikuwa anaringa. Naona kina mama wa kwaya mnatazamana. Tulieni, sijamtaja mtu. Aliringa kwa mambo mawili. La kwanza, alikuwa akisema, "Nguo niliyoshona mimi haijawahi kurudishwa." Na kweli, haikuwahi. La pili lilikuwa wanawe wanne. Kila Krismasi aliwashonea mashati ya kitenge kimoja, sare, kisha wakienda kanisani aliwatanguliza wote wanne mbele, yeye akifuata nyuma, shingo juu, akiwatazama migongo. Watu waliuliza, "Haya mashati mmenunua wapi?" naye alijibu kabla swali halijaisha, "Nimeshona mimi." Mtaniambia mchungaji anasifu maringo. Maringo ya namna hiyo mimi nayapenda, na leo nitayasifu.

Sasa, mama huyu alikuwa na karatasi. Wanaoshona wanajua kigezo, ile karatasi yenye mchoro wa nguo ambayo fundi anaitandaza juu ya kitambaa ili ajue mkasi upite wapi. Yake alipewa na mwalimu wake wa ushonaji siku alipomaliza mafunzo. Ilikuwa pana, ukiitandaza inafunika meza nzima. Shati lilikuwa limechorwa mstari ndani ya mstari. Wa ndani kabisa ulikuwa wa mtoto anayejifunza kutembea, na wa nje kabisa ulikuwa wa mwanamume wa kifua kipana.

Wifi yake alisoma darasa lile lile na alipewa karatasi kama hiyo hiyo. Lakini wifi alikuwa mtu wa haraka. Kifungua mimba wake alipofika miaka miwili, alishika mkasi, akaufuata mstari wa mtoto wa miaka miwili, na shati likawa tayari kabla ya chakula cha mchana. Tena zuri! Ila mistari mingine yote ya nje ilianguka sakafuni, ikafagiliwa na vumbi. Mtoto akafika miaka minne. Haya, niambieni, wifi afanye nini? Karatasi yake ilikuwa imebaki ya miaka miwili.

Yule mama hakuigusa ya kwake kwa mkasi hata siku moja. Alilaza juu yake karatasi nyembamba, akaibana kwa mawe mawili, akaufuata kwa penseli ule mstari anaouhitaji, kisha akaikata hiyo nyembamba. Ile kubwa ilikunjwa ikarudi sandukuni nzima kama ilivyotoka. Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo.

"Wifi, unajichosha bure," wifi alimwambia. "Kata, umalize."

"Nikimkatia huyu leo, mwakani atavaa nini? Na wadogo zake?"

"Wewe na hiyo karatasi yako! Utadhani umeizaa."

Wakacheka, yakaisha.

Mtoto wake wa pili alipokuwa na miaka kumi na saba, aligombana na baba yake, akatoka na nguo alizovaa. Baadaye wakasikia yuko machimbo ya mawe, mbali huko, anabeba mawe begani. Krismasi ile hakuja. Ya pili yake hakuja. Ikafika ya nane. Na kila Desemba mama alishona mashati manne. La huyu wa pili alilikisia. Mwaka huu kifua kitakuwa kimetanuka, alisema peke yake, akasogeza penseli mstari mmoja nje. Watatu walivaa, wakaenda kanisani. La nne lilibaki limetundikwa kwenye msumari.

Humu ndani wapo wanaoujua msumari huo. Nawaona.

Krismasi ya tisa, zikiwa zimebaki siku mbili, mchana kweupe, kijana alibisha hodi. Sitawasimulia vigelegele, mnajua wenyewe. Majirani walijaa ukumbini, wifi akiwa wa kwanza. Na mama, kitu cha kwanza alichokimbilia ni msumari. "Vaa!" alisema. "Vaa nikuone!" Wapendwa, miaka tisa alikuwa akiingoja dakika ile, watu wote wakiwepo, wakishuhudia.

Kijana alivaa. Shati halikumkaa.

Miaka tisa ya kubeba mawe ilikuwa imelishusha bega lake la kulia na kulikondesha, na la kushoto lilikuwa limepanda na kutanuka. Upande mmoja shati lilivuta mpaka kifungo kikakataa kufunga, upande wa pili likaning'inia. Kola ilikaa mshazari, ikimbana shingo. Nguo ya mama yule, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imekataa mwili wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mwanawe.

Wifi alisogea mbele. "Shati halina kosa," alisema. Alitaka kumwokoa wifi yake na aibu, msimchukie. "Shati liko sawa kabisa. Huyu ndiye aliyeharibika."

Kijana alianza kulivua. "Mama, acha tu. Nitalinda nyumba. Nyinyi nendeni kanisani."

Hebu tusimame hapo. Mama huyu angeweza kukubali. Ungekuwa wewe? Angesema, "Kweli, shati langu liko sawa," na sifa yake ingebaki palepale. Angempoteza mtoto mara ya pili, lakini sifa angebaki nayo.

"Nani amekuambia utalinda nyumba?" mama aliuliza. "Simama hapo. Usikunje mgongo, simama kama ulivyo."

Alivuta futi kutoka shingoni, akampima bega la kushoto. Akampima bega la kulia, akaandika namba mbili tofauti. Kisha akafungua sanduku, akaitandaza mezani ile karatasi kubwa, na mistari yote ilikuwapo, hata mmoja haukukosekana.

Mafundi hukunja kitambaa mara mbili kabla ya kukata, kwa sababu kigezo huonyesha nusu ya mtu tu. Inachukuliwa kwamba nusu ya pili inafanana na ya kwanza. Mama hakukunja kitambaa chake. Alikitandaza wazi. Kwa upande wa kushoto alifuatisha mstari wa nje kabisa, wa mwanamume wa kifua kipana. Kwa upande wa kulia aliingia ndani mistari mitatu, akafuatisha ule wa kijana mdogo.

"Nguo gani hiyo ya pande mbili tofauti?" wifi alinong'ona. "Fundi kama wewe! Watu watakucheka."

"Wacheke," mama alisema, na penseli haikusimama. "Mimi siishonei karatasi. Namshonea mwanangu."

Asubuhi ya Krismasi wana wanne walitangulia barabarani. Ukiwatazama kwa nyuma, hungejua ni yupi aliyekuwa machimboni. Kola ilikaa, mabega yakakaa. Mama alifuata nyuma yao, na nawaambia, mwaka ule aliringa kuliko miaka yote aliyowahi kuringa. Na aringe! Amestahili.

Sasa sisi. Najua mnangoja niseme tuwe kama yule mama. Nitafika huko. Kwanza nawaambia sisi ni kina nani. Sisi ndio wifi.

Tulipewa neno pana, lenye mstari wa kila mtu. Tukalikata kwa kimo chetu, kile tulichokuwa nacho siku tulipookoka, na mistari ya wengine tukaifagia. Halafu mtu akija, tunamvika. Likimbana tunasema shati halina kosa. Hata tunapowapenda waliopotea, tunawashonea kwa kukisia. Tunaomba warudi miaka tisa, kwa machozi ya kweli, lakini tunayemngoja ni yule aliyeondoka. Anayerudi ni mwingine. Anarudi na bega lake, na mtoto ambaye hatukuhudhuria ubatizo wake, na pengine harufu ya pombe. Na tukimwona hivyo tunashangaa kwa nini shati halimkai.

Jumapili iliyopita mtu mmoja aliingia kwa mlango ule wa nyuma. Wengi wenu mnamjua, aliimba kwaya hapa kabla hajafungwa. Alisikia mnong'ono ukipita kwenye mabenchi, akatoka kabla ya baraka. Niliuona mgongo wake kutoka hapa mimbarini, nami nikaendelea na matangazo. Na mimi ni wifi.

Kanisa hili nalionea fahari. Kwaya yenu naisifia kila ninapokwenda, wenzangu wamechoka kunisikia. Krismasi hii nataka niwatangulize nyote, mimi nifuate nyuma, shingo juu, mtu akiuliza nimjibu kabla hajamaliza. Lakini sitatembea kama hesabu ya migongo haijatimia.

Yule ndugu amekuja tena leo. Tangu wimbo wa kwanza amekaa nje, kwenye ngazi, anatusikiliza. Wazee wa kanisa, fungueni ule mlango. Na nyinyi wa benchi la mbele, sogeeni.